Mtani wa Jenerali

Jenerali Ngalapa aliamka tena akiamini kwamba vita ndiyo kwanza vinaanza. Akakohoa kikohozi chake cha tumbaku, akaita, "Koplo Namtimba! Upo?" Na Sikudhani, ambaye hakuwahi kuwa koplo wala kushika bunduki maishani mwake, akakivuta kipaza sauti karibu na kuitika kwa jina la mwanamke aliyekwisha kufa.

"Nipo, afande."

"Chai imechemka?"

"Imechemka, ila sukari imekwisha. Ameila mkuu wa stoo."

"Mfunge."

"Nimeshamfunga, afande. Ndiye anayechemsha chai."

Jenerali akacheka. Alicheka hapo kila mara, na Sikudhani alitabasamu kila mara, ingawa kichekesho chenyewe kilikuwa kimemwishia ladha mdomoni zamani. Nje ya dirisha hapakuwa na kitu ila upepo na nyasi. Kilima hicho kiliitwa Mnarani. Zamani walikaa wapima hali ya hewa, wakahama, na siku hizi alikaa yeye peke yake, na tangi la maji, na bati lililolegea juu ya choo, na marehemu.

Marehemu alikuwa ndani ya kokwa. Wataalamu walikuwa na jina lao refu, lakini nchi nzima ya Marenga ililiita kokwa: jiwe jeusi la ukubwa wa ngumi, lililokalia kiti cha shaba na kupashwa joto bila kukoma. Jenerali alipokuwa akikata roho katika hospitali ya wafungwa, walimvika wavu kichwani, nao wavu ukanasa kila kilichokuwa kikipita humo na kukishusha kwenye jiwe. Kilichobaki kiliitwa kivuli. Kilikuwa na sauti yake, hasira zake, ujanja wake, na vita vyake vyote tangu risasi ya kwanza. Kitu kimoja tu hakikuwa nacho: habari za kifo chake.

"Leo ni leo, Koplo," alisema Jenerali. "Hali ikoje darajani?"

"Walinzi wao wa chuma wako macho, afande. Hawasikii sauti wala hawaoni sura. Wanasikiliza kishindo cha nyayo tu."

"Sasa basi," akasema Jenerali, na Sikudhani akajua kinachofuata, kwa maana neno hilo lilikuwa halimtoki mtu huyo bila kufuatwa na balaa. "Nenda kijijini kaniombee ng'ombe. Wote. Waambie Ngalapa anawaazima."

Hivyo ndivyo vilivyokuwa Vita vya Daraja la Mkuti, vita vya kwanza. Watu wa Milima walikuwa wamechoka kuona maji yao yanashuka kuendesha umeme wa Bonde huku wao wakiwasha vibatari, wakashika silaha. Serikali ya Bonde ikaweka walinzi wa chuma darajani. Jenerali akaswaga ng'ombe mbele, walinzi wakawamiminia risasi mpaka zikawaishia, halafu watu wake wakavuka wakiruka mizoga. Watoto wa shule waliimba habari hizo pande zote mbili, ila upande wa Bonde waliimba kwa kuwaonea huruma ng'ombe.

Sikudhani alikuwa katikati ya kutoa taarifa ya ushindi pale mlipuko uliposikika. Haukutoka kwenye spika zake. Ulitoka bondeni, Ruvati, ukapanda kilima, ukatikisa kioo cha dirisha. Akainuka nusu akachungulia. Moshi mdogo wa kahawia ulikuwa ukipanda kutoka mashamba ya mpunga, pale ambapo watu waliorejea kutoka kambini walikuwa wameanza kusafisha majaruba yao wakingojea mvua.

"Koplo? Mbona umenyamaza?"

"Samahani, afande." Alirudi kwenye kipaza sauti. "Nilikuwa nahesabu waliovuka. Wamevuka wote."

"Umeona?" Jenerali alifurahi kama mtoto. "Nilikwambia!"

Sikudhani akazima kipaza sauti, akaegemea ukuta, akajifunika uso na upande wa kanga.

*

Dokta Elinami alipanda kilimani alasiri hiyo hiyo na gari lake jeupe. Ndiye aliyekuwa mkuu wa mradi. Alikuwa mtu msafi, mpole, asiyepaza sauti, na aliyekuwa na tabia ya kufuta miwani yake kila alipotaka kusema jambo asilolipenda. Alipoingia tu alianza kufuta miwani.

"Ni Mzee Chilumba," alisema. "Alikuwa analima na maksai wake. Wameondoka wote."

Sikudhani alimfahamu Mzee Chilumba. Alikuwa akimletea mihogo Mnarani, na alikuwa mtu pekee aliyepanda kilima hicho bila kutumwa na ofisi.

"Mvua inakaribia," Dokta aliendelea. "Ikishanyesha hatuwezi kuwazuia watu. Watalima. Tunahitaji njia zilizobaki. Mkimbize Jenerali. Mpitishe Mkuti na Kisonga harakaharaka, mfikishe Ruvati, akupe njia nyingine."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Sikudhani. Kabla ya vita vya Ruvati, Jenerali alitega mabomu bonde zima, na ramani aliiweka kichwani mwake tu, kwa kuwa hakuamini karatasi. Mashine za kupekua ardhi hazikuyaona. Alikuwa ameyafinyanga kwa udongo uleule wa majaruba. Ila kila kikosi chake kilipotaka kupita, alikitajia kwa redio njia moja iliyo salama, hiyo tu, wala hakuongeza neno. Basi wakawa wanamwamsha mwanzo wa vita, wanamwongoza hadi Ruvati, wanapata njia moja, wanamrudisha mwanzo. Walijaribu kumwamshia palepale Ruvati, akababaika, akauliza maswali, akawa hasemi. Ilibidi ashinde kwanza darajani ndipo awe na moyo.

"Anachakaa, Dokta," Sikudhani alisema. "Kila tukimrudisha kuna kitu kinabaki nyuma. Zamani alikuwa akimtaja mkewe kila jioni. Safari iliyopita alisema 'yule mwanamke wa nyumbani'. Leo hakumtaja kabisa."

"Najua."

"Tutamfikisha Ruvati na yeye asiikumbuke Ruvati."

"Najua, Sikudhani."

"Sasa kwa nini tusimwambie ukweli? Tukamwomba?"

Dokta akavua miwani tena. "Unajua yaliyovipata vivuli vingine. Yule kamanda wa anga walimwambia amekufa. Hakusema neno tena. Jiwe liko zima, lina joto, na humo ndani kuna mtu amekaa kimya hadi leo. Huyu wako ni Msungo wa milimani, nawajua, ni watu wangu hao. Akijua ameshindwa na amekufa, atafunga mdomo, na siri itabaki humo. Halafu wewe utakwenda kuwaambia nini watu wa Ruvati?"

Dokta akamwachia mkate na betri mpya, akaondoka kabla giza halijaingia, maana hakupenda kukaa Mnarani. Sikudhani alisimama mlangoni akitazama gari likishuka mpaka vumbi lake likatua. Upweke wa mahali pale ulikuwa na wakati wake maalumu, nao ulikuwa huo: gari linapoondoka. Mara nyingi, aibu iliyoje, alikuwa akirudi ndani kumwamsha Jenerali hata kama hakuna kazi, ili tu mtu amuulize kama chai imechemka.

*

Ndani ya kokwa, majuma yalipita Sikudhani akimaliza kikombe kimoja cha chai. Kesho yake asubuhi walikuwa wamekwisha fika Kisonga.

Mji wa Kisonga ulizingirwa msimu mzima. Jenerali alikuwa juu, serikali ilikuwa chini ndani ya mji, bila chakula, na dunia yote ilijua mji utaanguka. Kama Kisonga ingeanguka, Milima wangeshinda vita. Vitabu vya shule vinasema haikuanguka kwa sababu vilifika vipanga, ndege ndogo zisizo na rubani, zikageuza mambo. Ni kweli vilifika. Lakini vilifika baadaye, na Sikudhani alijua jambo ambalo vitabu havikuliandika, kwa sababu mama yake alikuwepo.

Asubuhi moja bunduki zilinyamaza pande zote, wafu wapate kuzikwa. Na toka mjini wakatoka Walimbe, watu wa Bonde, wanawake kwa wanaume, wamebeba majembe begani, wanapanda kuelekea kwenye mahandaki ya adui huku wakiimba matusi. Walikuwa watani. Mlimbe na Msungo ni watani tangu hapo. Msungo akifa, anayechimba kaburi ni Mlimbe, anayevaa koti la marehemu na kumwigiza mwendo wake mbele ya waombolezaji ni Mlimbe, anayesema "afadhali umekufa, ulikuwa mchoyo" ni Mlimbe, mpaka mjane mwenyewe acheke huku machozi yanamtoka. Na Mlimbe akifa ni vivyo hivyo. Asiyezikwa na watani hajazikwa, amefukiwa tu. Mama yake Sikudhani alikuwa mstari wa mbele na jembe lake.

"Afande," alisema Sikudhani kwenye kipaza sauti, "wanakuja watu na majembe. Hawana silaha. Wanasema ni watani, wamekuja kuzika."

Jenerali akakohoa. Kila safari alikohoa hapo.

"Warudishe."

Kila safari Sikudhani alijibu, ndiyo, afande. Hivyo ndivyo alivyojibu Koplo Namtimba wa kweli, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Leo ulimi ulimgoma.

"Kwa nini, afande?"

"Kwa sababu wataona mahandaki yetu. Kwa sababu kati yao kuna majasusi. Tangu lini koplo anauliza kwa nini?"

"Na wafu wetu?"

"Tutazika wenyewe." Sauti ilikuwa nzito. "Warudishe, Koplo. Wakikataa, piga juu ya vichwa."

Mama yake alisimulia jinsi risasi zilivyopita juu, na jinsi walivyoteremka. Alisema walichungulia kutoka mjini wakawaona Wasungo wakifukia ndugu zao kimya kimya, bila kicheko hata kimoja, na kwamba kuanzia hapo askari wa Milima walianza kutoroka mmoja mmoja kurudi kwao. Hawakuogopa risasi. Waliogopa kufa kisha wafukiwe namna ile. Vipanga vilipofika, vilikuta jeshi limekwisha pungua. Na vita vilipoisha, utani nao ulikuwa umekwisha. Mama mwenyewe alifariki mwaka wa mwisho wa vita, na hakuna Msungo aliyevuka mto kuja kumtukana. Sikudhani alisimama kaburini na majirani, kila mtu kainamisha kichwa kwa heshima, na heshima ile ilimuumiza kuliko kifo chenyewe.

Sasa alitazama kokwa kwenye kiti chake cha shaba. Mbele kulikuwa na Ruvati: njia moja nyingine, kama anaikumbuka. Halafu kurudishwa, kuchakaa, "Chai imechemka?", na mlipuko mwingine bondeni. Akawaza, mimi nafanya nini hapa? Mtu wa watu kafa, Msungo, yupo mbele yangu hajazikwa, na mimi Mlimbe nimekaa naye nyumba moja namwitikia ndiyo afande.

Akanyoosha mkono akazima mizinga ya kwenye spika, akazima upepo wa Kisonga na makelele ya mahandaki. Chumba kikawa kimya kabisa.

"Koplo?" Jenerali akaita. "Koplo, redio imekufa?"

*

Kofia ya Jenerali ilikuwa imetundikwa ukutani. Jumba la makumbusho waliileta ili imsaidie Sikudhani kumzoea mtu wake. Aliitungua, akaivaa upande, kama kwenye picha. Kisha akarudi kwenye kipaza sauti, akakohoa kikohozi cha tumbaku kutoka chini ya kifua, akasema kwa sauti nene:

"Sasa basi! Nileteeni ng'ombe wote. Mimi Ngalapa siwezi kuvuka mto mpaka nitanguliwe na walio na akili kunizidi."

Akaisogeza kofia upande zaidi.

"Mke wangu yuko wapi?" Aliendelea kumwigiza. "Nimemsahau jina, lakini nakumbuka pilau yake. Mimi ndiye jemadari, tumbo mbele jeshi nyuma!"

"Koplo," Jenerali alisema polepole, "umelewa?"

"Koplo Namtimba hanywi. Koplo Namtimba amekufa, Jenerali. Alikufa Ruvati. Na wewe umekufa pia. Tena basi ungekufa vizuri! Mtu ana vita vyote hivyo, watu wanategemea utakufa umesimama, wewe umekufa kitandani kwa nimonia kama kichanga, umevalishwa shuka la maua."

Hakuna sauti. Taa ya joto ya kokwa ilikuwa ikiwaka ileile. Sikudhani alimfikiria yule kamanda wa anga, amekaa ndani ya jiwe lake bila kusema. Mabomu yote ya Ruvati yalikuwa humo. Nimeyazika yote, aliwaza. Nimewaua watu wa Ruvati kwa mdomo wangu.

"Maua gani?" ikauliza sauti.

Alishika ukingo wa meza. "Ya waridi."

"Muongo."

"Mekundu. Na mito ina maua pia."

Ukatoka mguno, halafu kitu ambacho mwanzo hakukitambua, kwa kuwa hakikuwa kile kicheko cha kila asubuhi cha sukari na stoo. Hiki kilikuwa cha mtu mzima, kizito, kilichochanganyika na kitu kingine.

"Wewe ni nani?"

"Mlimbe. Naitwa Sikudhani binti Mpelumbe. Mtani wako. Nimekuja kukuzika, umeanza kunuka."

"Niliwarudisha ninyi. Sasa hivi. Mmepandisha majembe, nikasema warudishwe."

"Sasa hivi yako ni zamani sana, Jenerali. Mama yangu alikuwa na jembe siku ile. Ulimpigia risasi juu ya kichwa. Amekufa tayari, na hakuna Msungo hata mmoja aliyekuja."

"Tulishindwa?" akauliza Jenerali.

"Mlishindwa. Na sisi tulioshinda hatuna la kujisifia. Nenda katazame."

"Lini? Wapi tuliposhindwa?"

"Wasomi wanasema Ruvati. Mama yangu alisema Kisonga, asubuhi hii hii."

"Mama yako alikuwa na akili," alisema Jenerali. "Walianza kuondoka siku ileile. Nililiona, nikajifanya sioni. Hakuna niliyemwambia." Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mzee, "Nimekuwa humu peke yangu muda wote huo?"

"Hukuwa peke yako. Nilikuwepo." Sikudhani hakuwa amekusudia kusema hivyo. "Nilikuwa nakuchemshia chai, kila tulipokurudisha darajani humo ndani ya jiwe."

Akajikaza. Mtani akilia kabla hajapewa chake, ameharibu msiba. Akavuta kiti, kile cha Dokta chenye mto, akakikalia kwa kishindo ili kisikike. "Haya. Nimekikalia kiti cha marehemu. Sitoki, wala maiti haitoki, mpaka nipewe haki yangu ya utani. Si unajua desturi?"

"Naijua kabla mama yako hajazaliwa. Unataka nini? Ng'ombe?"

"Ng'ombe gani, wewe si uliwamaliza darajani?"

Hapo Jenerali alicheka kwelikweli mpaka akakohoa. "Sema basi, mchimba makaburi wee. Unataka nini?"

"Nataka mabomu ya Ruvati. Yote. Moja baada ya jingine."

Kicheko kikakatika. "Nilikula kiapo."

"Kiapo ni cha aliye hai. Watu wanalima huko, Jenerali. Wa kwenu na wa kwetu, wamechanganyika, maana kambi haikuwatenga. Jana ameondoka mzee na maksai wake. Mvua inakuja."

"Nikikataa?"

"Nitakaa hapa hapa nikikutukana mpaka nami nife, halafu nani atanizika mimi?"

Alingoja. Hakuwa na ujanja mwingine mfukoni. Kama angekataa, basi.

"Mnyima mtani huzikwa na mbwa," Jenerali alinung'unika hatimaye, kama mtu anayejisemea. "Lakini na mimi nina langu. Nikishasema, unizike. Usinirudishe tena darajani. Nimechoka, binti. Sijui nimechokaje na vita ndiyo kwanza vimeanza, lakini nimechoka."

"Naahidi."

"Kwa jina la mama yako."

"Kwa jina la mama."

"Sasa basi," alisema Jenerali. "Anzia kwenye mkuyu wa mfereji mkuu. Shika kalamu, Mlimbe, kama mlifundishwa kuandika."

*

Ilichukua mchana wote. Jenerali alimpeleka jaruba kwa jaruba: kwenye kona ya kila tuta, chini ya jiwe la kufulia, kwenye kivuko cha mbuzi. Sikudhani alirudia kila neno, na alipomsikia anasitasita alimtukana kidogo, naye akakumbuka. Nje mawingu yalikuwa yakijikusanya juu ya Ruvati, na kazi ilikwenda vizuri mpaka walipofika upande wa kaskazini, nyuma ya mashine ya zamani ya kukoboa mpunga.

"Hapo..." alisema Jenerali. "Hapo nilitega. Nilitega mwenyewe, kwa mikono yangu. Kulikuwa na..." Akasita. "Hakuna kitu. Naona weupe tu."

"Jaribu."

"Nimejaribu. Mmenirudisha mara ngapi?"

"Nyingi," Sikudhani alisema.

"Basi mmeimwaga njiani kona hiyo."

Sikudhani alipiga simu ofisini, akamsomea Dokta Elinami kila kitu. Dokta hakuamini kwanza, kisha akaamini, kisha furaha ikampanda mpaka sauti yake, ambayo haikuzoea kupanda, ikapanda. Aliita watu chumbani kwake. Halafu akarudi kwenye simu, na Sikudhani akasikia ile pumzi ndogo anayoivuta akifuta miwani.

"Hiyo kona ya kaskazini. Tunaweza kuipata. Tunamrudisha mara moja tu, taratibu, bila mizinga, tunampeleka moja kwa moja hapo. Akikataa, tunarudia."

"Nimemwahidi kumzika."

"Umeliahidi jiwe, Sikudhani. Watu wakifa kwenye kona hiyo, utawaambia uliahidi jiwe?"

Alikata simu. Swali lilikuwa la haki, na lilikaa naye palepale kwenye kiti chenye mto. Kona moja. Pengine angeikumbuka wakimrudisha. Pengine angepoteza na hayo mengine, asijue hata jina lake. Na angeamka tena kuuliza chai, na yeye angeitika tena, na angekuwa na mtu wa kuzungumza naye. Hilo la mwisho ndilo lililomtisha, kwa sababu alilitaka kuliko alivyotaka ile kona.

"Ofisi wanasemaje?" aliuliza Jenerali.

"Wanataka urudi darajani."

"Na wewe?"

"Mimi nataka ukae," alisema Sikudhani. "Kilima hiki kina upepo mbaya." Akafuta uso. "Ndiyo maana nitakuzika leo. Ile kona tutaizungushia mawe meupe, isilimwe milele. Watu wataishi bila kona moja."

"Ngalapa, mchoyo hata kaburini," alisema Jenerali taratibu. "Waambie hivyo. Itafaa kwenye msiba."

Sikudhani akakishika kiti cha shaba. Jiwe lilikuwa na joto la mkate uliotoka tanurini. Kokwa likitolewa kwenye kiti linapoa, na likipoa limekwenda.

"Mtani," Jenerali aliita. "Mke wangu. Jina lake?"

Sikudhani alilijua. Alikuwa amelisikia jioni nyingi, kabla halijapotea. "Tulizo," alimwambia.

"Tulizo," alirudia. "Aa. Tulizo."

Akalichomoa kokwa.

*

Walimzika Ruvati mvua ilipokwisha kunyesha, kwenye ukingo wa ile kona ya kaskazini, nje tu ya mawe meupe. Sikudhani alichimba mwenyewe kwa jembe la mama yake. Watu wa mashambani walisimama mbali. Hawakujua kama yafaa kumzika adui, wala kama yafaa kumzika jiwe. Dokta Elinami alikuja na gari lake jeupe na barua ya kumwondoa kazini, ila hakuitoa mfukoni. Alisimama upande wa pili wa kaburi na viatu vyake vikizama tope.

Sikudhani aliliweka kokwa shimoni, limepoa kabisa, akalifunika na shuka. Lilikuwa la maua. Alilinunua sokoni makusudi. Akavaa ile kofia upande.

"Ngalapa!" akapaza sauti. "Mchoyo wa Milima! Umetupa bonde zima ukatunyima kona moja, ukazikwe nayo! Mla pilau! Umewatanguliza ng'ombe, sasa watangulie na huko uendako, maana mwenyewe huijui njia!"

Sauti ikapita juu ya majaruba yaliyojaa maji. Desturi ni kwamba hapo mtu wa upande wa marehemu, Msungo yeyote, anajibu. Anasema, tazameni Mlimbe huyu, ndio maana hamna mtu mrembo kwenu, au chochote kinachomjia, watu wanacheka, ndipo udongo unatiwa. Sikudhani alingoja. Alimtazama Dokta Elinami, Msungo kwa baba na kwa mama. Dokta alifungua mdomo. Haikuwa kwamba hataki. Ilionekana waziwazi kwamba hajui. Alizaliwa vita vikiwa njiani, akasomea mbali, na hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kutukana kwenye msiba. Akavua miwani, akaifuta, akaangalia viatu vyake.

Mvua ikaanza upya, nyepesi.

Basi Sikudhani akakohoa, kikohozi cha tumbaku kutoka chini ya kifua, na kwa sauti nene ambayo hakuna mwingine duniani aliyekuwa ameibakiza, akajijibu mwenyewe:

"Sasa basi! Mlimbe wewe, hata kaburi hujui kuchimba. Limepinda."

Akacheka peke yake, akiegemea jembe, mpaka kicheko kikamgeuka. Kisha akainama akaanza kutia udongo.